Baiskeli Zilizokatazwa Njia ya Baiskeli

Mgeni rasmi, Mheshimiwa. Viongozi mlioketi chini ya turubai. Wageni wetu mliokuja na baiskeli za matairi manene. Na nyie ndugu zetu mliosimama juani kwa sababu viti vimehesabiwa: salamu nyingi.

Anayewasomea ni fundi baiskeli wa hapa darajani. Tumemchagua yeye kwa sababu ana sauti, na kwa sababu hana bosi wa kumtisha. Tumeomba risala itangulie burudani zote. Sababu tutaisema, ila fundi atasoma mbio kidogo, mtuvumilie.

Tuseme ukweli kabla hatujafika mbali. Risala hii ilitakiwa ipelekwe ofisi ya mradi wa njia ikapitiwe. Tukaipeleka. Ikarudi bila Changamoto, sehemu nzima imepigwa mstari, na pembeni pameandikwa "mgeni asisumbuliwe". Sisi tumeirudisha kama ilivyokuwa. Mficha uchi hazai, na leo kwetu hilo si neno la kupamba maandishi.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu. Tumekasirika, lakini hasira yetu si ya kumnyima mtu kiti. Kushoto kwako ni ziwa la juu, kulia kwako ziwa la chini, na huu mfereji ulio mbele yako ndio unaoyaunganisha. Milima iko nyuma ya turubai. Wageni wanapiga picha tangu wafike, na hatuwalaumu. Pazuri. Sisi pia macho tunayo.

HISTORIA FUPI

Ukingo huu uliinuliwa na babu zetu kwa matope ya mfereji wenyewe, karai kwa karai. Sisi wajukuu tunaishi kwa kubeba vitu juu yake kwa baiskeli: magunia, madumu, mabati, mgonjwa, siku nyingine kabati la bibi harusi. Mzigo ukiwa mzito hatupandi, tunasukuma. Ng'ambo ya pili, mfereji unapoishia, ndiko iliko zahanati.

Katika chama chetu yupo mama mmoja tunayemwita Mama Kengele. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na baiskeli, na shemeji zake wakaja kuitaka baiskeli. Kuwalea watoto hawakutaka. Mama akaishika usukani, akawaambia, "Chukueni na hawa basi, vinakwenda pamoja." Wakaondoka. Baiskeli ile ina kengele kubwa ya shaba, ukiipiga huku inasikika ng'ambo. Tangu hapo tukawa na sheria moja ukingoni, haijaandikwa popote: ukisikia kengele, unakaa pembeni. Uwe nani, uwe na haraka gani, unakaa pembeni, maana mwenye kengele amebeba kitu kisichoweza kusubiri.

MAFANIKIO

Hapa tulishauriwa tuandike kurasa. Tutasema lililo kweli: njia hii ya baiskeli za watalii, unayoifungua leo juu ya ukingo wetu, ni nzuri. Changarawe imeshindiliwa, maji hayasimami, vibao vimepakwa rangi. Aisifuye mvua imemnyeshea, nasi njia hii tunaijua, kwa sababu tuliitengeneza kabla ya mkandarasi.

Ilikuwa hivi. Walikuja wapimaji wakauliza, "Baiskeli zinapita wapi?" Njia zipo mbili, ya mlimani na ya ukingoni. Na sisi, Mheshimiwa, tumelelewa kwamba mgeni haonyeshwi njia mbovu. Basi tukafyeka majani, tukafagia, tukaziba mashimo kwa changarawe tuliyoibeba kwenye keria zetu wenyewe. Mama Kengele akatangulia mbele yao, kengele inalia, kajifunga kanga mpya. Wapimaji wakasema, "Mama, hapa safi kabisa!" Tukarudi nyumbani tunacheka, tumefurahi eti tumesifiwa.

Ujinga gani ule! Tungewapeleka mlimani kwenye mawe, mpaka leo tungekuwa na ukingo wetu. Tena wangefurahi. Wageni hawa wana gia nyingi kuliko meno, wametoka mbali kutafuta jasho. Wao wanalipia kupanda mlima, lakini wamepewa tambarare. Sisi hatukuomba mlima, tumepewa bure. Mgeni njoo, mwenyeji apone? Safari hii mwenyeji ndiye anayeugua.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, geuka kidogo ukione kile kibao cha kijani getini. Kimeandikwa: BAISKELI ZA MIZIGO HAZIRUHUSIWI. Tulipouliza sababu tukaambiwa matairi yetu membamba yanachimba changarawe. Changarawe ipi? Ile tuliyobeba! Njia ya baiskeli, baiskeli marufuku. Haya tuambieni nyie mliosoma, hilo linaitwaje? Sisi tunajua tu kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Mama Kengele ana mkamwana, mke wa mwanawe wa mwisho. Ana mimba ya kwanza na imefika ukingoni. Majuzi mama mkwe alimpakia kwenye keria, kamwekea mto, amkimbize kliniki. Getini wakamkuta mlinzi, na mlinzi ni mtoto wa mdogo wake, kijana aliyemlea kwa mikono yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Fungua."

"Mama mkubwa, nisamehe. Baiskeli ina mzigo."

"Mzigo gani? Huyu shemeji yako!"

"Najua ni shemeji. Lakini kibao hakijui. Nikifungua nafukuzwa, na hii kazi ndiyo nimeipata juzi."

Mama Kengele hakumtukana. Alimtazama tu, kijana akaanza kulia. Basi akageuza baiskeli, akashika njia ya mlimani. Pa kupanda mkamwana akashuka atembee, maana baiskeli ilikuwa inarudi nyuma. Katikati ya mlima alikaa juu ya jiwe akasema, "Mama, niache hapa hapa, siwezi tena." Mama Kengele naye akakaa chini akamkanda miguu, wakapumzika hadi akaweza kusimama. Walipofika zahanati, mkunga alimpapasa tumbo mara mbili. Kisha akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Uchungu ukianza tu mleteni, msingoje ukolee. Na mlimani msimpitishe tena, mtawapoteza wote wawili."

Mama Kengele akaenda ofisini na maneno hayo. Akaambiwa alete barua. Akaleta. Akaambiwa kamati itakaa. Wakati anatoka, akaona mgeni mmoja, wa wale walioruhusiwa kuijaribu njia kabla ya ufunguzi, kateleza na baiskeli yake na kuchubuka goti, na gari la huduma ya kwanza limeshafika, linang'aa, limepita geti lile lile. Hatumwonei wivu yule mgeni, goti linauma. Tunauliza tu, goti la mtu na tumbo la mtu, kipi kinangojea kamati?

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi, kama risala zote. Saruji, mabati, viti vya chama. Tumeyafuta. Tumebakiwa na moja: geti lifunguliwe, na lisifungwe tena kwa mtu wa ukingo huu.

Sasa, Mheshimiwa, sababu ya kusoma mbio. Aya hii imeandikwa kwa mkono leo, wakati turubai linafungwa kamba. Uchungu umeanza. Tulikimbia getini, mlinzi akasema ufunguo hana. Tukakimbia ofisini, tukaambiwa ufunguo umewekwa kwenye sinia pamoja na mkasi wa utepe, kwa kuwa heshima ya kufungua ni ya mgeni rasmi, na ratiba inasema kufungua ni baada ya risala. Tukasema mtu anajifungua. Wakasema ratiba imeshachapwa.

Basi tukaelewana na Mama Kengele. Sisi tusome risala, yeye amtandikie mkamwana keria, amfunge vizuri, amshushe taratibu. Tutakapomaliza atakuwa anaingia uwanjani. Mlinzi tumemwambia asimame karibu na geti, na kama leo atafukuzwa kazi, chama kitamlisha.

Sinia lile pale, mkononi mwa dada aliyevaa nyeupe. Hotuba yako tunaitaka, tutaisikiliza baadaye hadi mwisho, tutapiga na makofi. Utepe ukate au usikate. Ufunguo tu, Mheshimiwa.

Mola akupe umri na afya, akulindie mama aliyekuzaa kama yu hai, na kama ametangulia amlaze pema. Naye kuna mtu alimpisha njiani siku aliyokuzaa. Akufungulie wewe na wanao kila mlango mtakaoufikia mkiwa na haraka.

Na kwa kuwa wewe ni mgeni ukingoni, tukukumbushe ile sheria yetu. Ile unayoisikia nyuma ya watu ndiyo kengele. Tafadhali, kaa pembeni.

Ni sisi,
Umoja wa Wabebaji kwa Baiskeli, Ukingo wa Mfereji.