Historia ya Marehemu Ephantus Githinji Kiugu, Fundi wa Gramafoni Aliyesikia Lori la Kulmiye

Wapendwa waombolezaji, ninyi mliotoka Othaya kwa safari ndefu, na ninyi majirani wa Bulla Pesa ambao hamjatuacha peke yetu tangu Jumanne ile, Bwana asifiwe, na ndugu zetu Waislamu mliosimama nasi hapa, salaam aleikum. Familia imeonelea maisha ya Baba yasimuliwe kama yalivyokuwa, pamoja na lile jambo ambalo wengi mlilisikia nusunusu, ili litoke kwa wenyewe, lisibaki la kunong'onezwa sokoni.

Marehemu Ephantus Githinji alizaliwa tarehe 9 Aprili 1931 katika kijiji cha Karima, Othaya, Wilaya ya Nyeri, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kiugu na marehemu Mama Wairimu. Aliingia shule ya misheni ya pale kijijini mwaka 1940, akasoma mpaka mwaka 1947 baba yake alipofariki na karo ikakosekana, na walimu wake walimkumbuka kama mtoto mkimya, aliyeweza kusema ni nani anakuja darasani kwa kusikia viatu tu.

Mwaka 1948 alikwenda Nairobi, akapata kazi ya kufagia katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza gramafoni na redio, na kutoka kwenye ufagio akafika kwenye bisibisi, akawa fundi kamili. Alirudi nyumbani wakati wa Hali ya Hatari, na mwaka 1957 akaja hapa Isiolo kama fundi wa umeme wa serikali, akaupenda mji huu wenye vumbi na upepo, asitake tena kuhama. Tarehe 12 Desemba 1959 alifunga ndoa kanisani na Magdaline Wakonyo, ambaye leo ndiye tunayemshika mkono, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kiugu aliyezaliwa mwaka 1960, Wairimu mwaka 1963, na Njoki mwaka 1967. Mwaka 1966 aliacha kazi ya serikali, akafungua duka lake kwenye barabara kubwa, na hapo ndipo jina lake lilipojulikana mpaka Marsabit.

Baba alitengeneza kila kitu chenye waya, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gramafoni za zamani, zile nzito ambazo sahani yao ya chuma haivutwi na mkanda, bali mota huzungusha kigurudumu cha mpira, na kigurudumu hicho hujibana kwenye ukingo wa sahani kwa ndani na kuisukuma. Wateja walipomletea zile mpya za mkanda alizitengeneza kwa heshima, kisha akasema, "Mkanda ni wa suruali." Alipenda kuweka mashine mbili za aina moja sambamba mezani, santuri ileile ikichezwa kwa hii kisha kwa ile, akilinganisha nguvu ya kuanza, uthabiti wa mwendo, na zaidi ya yote mngurumo, kwa maana mashine za namna hiyo zina ugonjwa wa kunguruma, mpira ukizeeka au beringi ikikauka, na mtetemo wa mota hupanda mpaka kwenye sindano ukatoka kwa spika. Kwa hiyo kabla ya wimbo wowote alikuwa akiishusha sindano kwenye mfereji mtupu wa santuri, akakaa kusikiliza mashine yenyewe, na aliwaambia wateja kwamba mashine, kama mtu, utaijua vizuri wakati haijapewa la kusema.

Alhamisi, tarehe 10 Novemba 1977, Kulmiye Dualeh, Msomali mwenye lori, mjukuu wa askari wa zamani na rafiki wa duka lile, alileta gramafoni yake iliyokuwa ikivuta santuri pole pole, akaiweka mezani na kusema, "Githinji, fanya polepole, mimi naenda Merti na Korbesa, nikirudi tutasikiliza pamoja." Lori lilikuwa limejaa unga na sukari za wafanyabiashara wa hapa mjini, utingo wake alikuwa amelala na malaria, kwa hiyo akaondoka peke yake, na mvua ya mwaka ule mnaikumbuka. Hakufika Merti, wala hakurudi Isiolo.

Walimtafuta kandokando ya barabara, hawakuona hata msumari. Baadaye watu wakaanza kusema kwamba Kulmiye ameuza lori na mzigo kule mpakani, ameoa mke mwingine, anakula raha, na maneno hayo yakamwingia hata ndugu yake Hirsi, ambaye wenye mizigo walikuwa wakimjia mlangoni, akapiga marufuku jina la Kulmiye lisitajwe nyumbani kwake. Aliyeumia zaidi ni mkewe, Raho, kwa maana hakuwa mke wala mjane, hakuweza kungoja wala kuomboleza, na akipita sokoni wanawake walikuwa wakinyamaza mpaka apite.

Gramafoni ya Kulmiye ilikaa kwenye rafu chini ya kitambaa, mpaka Januari 1980 Baba alipoona si vyema mali ya mtu ioze, akaishusha. Ilikuwa inanguruma. Alisugua kigurudumu, haikusaidia, akabadilisha miguu ya mpira inayobeba mota, akaosha beringi na kuitia mafuta mapya, na mngurumo ukabaki palepale. Alikuwa na nyingine ya aina ileile, iliyofanya kazi vizuri, akaziweka sambamba kama kawaida yake, akaanza kubadilishana viungo kimoja kimoja, kigurudumu cha hii akakitia kwa ile, kisha mota, kisha sahani, kisha mkono wenye sindano, na ile nzuri ikaendelea kuwa nzuri hata ilipokuwa imevaa viungo vyote vya ile mbaya, na ile ya Kulmiye ikaendelea kunguruma, ingawa hakikubaki ndani yake kitu cha kunguruma.

Ndipo akasikiliza vizuri, na alichosikia hakikuwa mngurumo wa mota. Kilikuwa mbali, kikipanda na kushuka, kikikaza kama kwenye mlima na kulegea kwenye tambarare, na katikati kilikatika kidogo na kurudi kwa sauti nzito zaidi. Alimwita Mama kutoka nyumbani, akamwambia, "Wakonyo, mota ya umeme haina gia. Hii inabadilisha gia." Mama alisikiliza akiwa amesimama, akavuta leso mabegani kana kwamba kuna baridi, na jua lilikuwa kali mlangoni, akasema, "Baba Kiugu, rudisha hii kitu kwa wenyewe."

Raho alikuja siku iliyofuata. Baba hakumweleza lolote, aliiwasha tu na kushusha sindano, na haukupita hata muda wa kunywa chai, yule mama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kusema, "Huyo ni Kulmiye. Hiyo klachi yeye hukanyaga mara mbili." Baba alipotaka kuizima alimshika mkono, "Wacha, fundi. Wacha aendeshe."

Tangu siku hiyo Raho alikuja mara kwa mara, na wote wawili wakatambua jambo lililowatia hofu, kwamba sauti ile haikurudia pale pale, bali kila walipoiwasha safari ilikuwa imesogea mbele. Kwanza ilikuwa barabara ya mchanga mgumu, siku nyingine mawe, siku nyingine upepo. Mbwa wa duka jirani alikuwa akitoka na kubwekea barabara tupu. Mwishowe Baba akamwita Shuriye, dereva mzee aliyemfundisha Kulmiye njia ya Merti, naye akaketi mbele ya spika, macho ameyafumba, mikono yake ikizunguka taratibu kwa usukani ambao haukuwapo, akisema alivyosikia.

"Bado ni barabara ya Merti. Hapa ni yale makunyanzi, unasikia? Sasa ametoka barabara. Mbona ametoka? Ah, anakwepa maji, anashuka chini atafute mahali lagga, huu mto wa mvua, ni pana. Hiyo ni mawe meusi, hakuna mawe kama hayo mahali pengine. Kulmiye, usiingie hapo. Usiingie."

Mngurumo ukazama, ukawa mzito na wa karibu sana, halafu ukanyamaza, na katika spika kukabaki sauti ya maji mengi yakipita. Shuriye akavua kofia, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na Raho, ambaye alikuwa hajalia kwa miaka yote ile, akaanza kulia.

Hirsi aliposikia alikuja dukani kwa hasira, akasema, "Fundi, wewe ni Mkristo na ni mtu mzima, mbona unamlisha shemeji yangu uongo?" Baba akamjibu, "Simlishi kitu, Hirsi. Keti usikie mwenyewe." Hirsi akaketi, akasikiliza mpaka santuri ikaisha, na hakusikia chochote ila mota. Lakini alipoinua macho alimwona Raho, amekonda, anamtazama bila kumwomba, naye akasema tu kwamba Land Rover yake ina mafuta.

Jumamosi, tarehe 16 Februari 1980, kiangazi kikiwa kikali, waliondoka Hirsi, Shuriye na Baba, wakafika kwenye mawe meusi, wakaufuata mkondo mkavu wa lagga kwenda chini, mbali na barabara, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta, na pale mto wa msimu unapopinda waliona kona ya chuma cha samawati, rangi ya lori lile, ikitokeza kwenye mchanga. Walichimba. Unga ulikuwa umegeuka jiwe ndani ya magunia, mlango wa dereva ulikuwa umefungwa, na Kulmiye alikuwa bado ameketi mahali pake. Hirsi ndiye aliyemtoa kwa mikono yake, akirudia, "Nisamehe, ndugu yangu, nisamehe." Baada ya polisi kuona na kuandika, alizikwa kwa heshima zote, jina lake likasafika, na Raho akaanza eda yake kama mjane anayejulikana na watu.

Baba aliporudi dukani aliwasha ile gramafoni, na ilikuwa kimya. Aliilinganisha na mwenzake, akibadilisha kutoka hii kwenda ile, hata mwenyewe akashindwa kujua ni ipi inayocheza. Raho aliichukua, na mpaka leo watoto wake wanaipiga.

Wazee wa kanisa walimwita, wakamuuliza anashirikiana na nini, naye akajibu, "Nilisikiliza mashine. Hayo mengine siyajui." Alitengwa na Meza ya Bwana, akakubali bila kunung'unika, akaendelea kuketi kiti cha nyuma kila Jumapili mpaka aliporudishwa Pasaka ya mwaka 1982.

Lakini watu waliopotelewa na wao walianza kuja, na hakuna siku iliyomwelemea kama ile ya mwaka 1983, Mama Dokata wa Chechelesi alipoleta gramafoni ya mwanawe Isacko, aliyekuwa ametoka nyumbani miaka miwili kabla na hakuna aliyemwona tena. Baba aliisikiliza tangu asubuhi, akabadilisha kigurudumu, akasikiliza, akabadilisha mota, akasikiliza, kisha akamwambia ukweli, "Mama, hapa hakuna mtu. Ni mpira imeisha tu." Mama Dokata akasema, "Sikiliza tena." Akasikiliza tena. Yule mama akasimama, akamwambia mbele ya watu, "Wasomali uliwapatia mtu wao, mimi umeninyima wangu," akaenda. Baba alikaa siku nyingi bila hamu ya chakula, akisema kwamba pengine sikio lake limechagua.

Mwezi wa Julai 1986 Isacko alirudi, mzima, akitokea Sudan alikokuwa akifanya kazi visimani. Chechelesi yote ilishangilia, na Mama Dokata akaja dukani akikimbia, akamkumbatia Baba na kumwomba radhi, lakini Mama anakumbuka kwamba Baba alitabasamu kwa midomo tu, akaketi akitazama rafu zake zenye mashine za watu, kama mtu aliyeelewa jambo ambalo hakutaka kulielewa, kwamba sikio lake lilipewa waliokufa tu.

Nyumbani tulikuwa na gramafoni yake mwenyewe, aliyokuwa akiipiga Jumapili baada ya ibada. Jumapili moja ya Februari 1988, akiwa na afya yake, aliiwasha, akashusha sindano, akainama kusikiliza, kisha akaizima bila kucheza wimbo. Kesho yake alimwomba Mama iondolewe nyumbani, na Mama akaiondoa. Baada ya hapo alimaliza kazi za wateja moja baada ya nyingine, akasafiri Othaya kusalimia makaburi ya wazazi wake, akapatana na kila aliyekuwa amekosana naye. Mwezi wa Aprili kifua kilianza kumbana, madaktari wakagundua kwamba moyo wake umechoka, akalazwa katika hospitali ya wilaya, na Jumanne, tarehe 14 Juni 1988, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono, aliaga dunia bila kuhangaika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa upole, wazee wa kanisa waliokuja kuomba naye hospitalini, majirani wa Bulla Pesa kwa kuni, maji na usingizi wenu, mafundi wenzake wa Isiolo na Meru, Bwana Hirsi aliyetoa gari la kumbeba, Mama Raho ambaye amekuwa jikoni na Mama tangu siku ya kwanza, na Isacko aliyeongoza vijana kuchimba kaburi hili. Gramafoni zilizobaki dukani zote zinafanya kazi, wenyewe waje wazichukue kwa wakati wao.

Ombi letu ni moja tu. Mnapokuja kumfariji Mama, msimuulize Baba alisikia nini Jumapili ile. Alimwambia, na amechagua kukaa nalo.

Baba Kiugu, kazi umeimaliza. Amani ya Bwana ikufunike, upumzike.