Kiguu na Njia, Daktari wa Kina Mama Aliyelamba Dawa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotuazima mabega yenu siku hizi za msiba, mtu wetu huyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mama muuza mkaa, akaja duniani kabla mkunga hajavua viatu, na tangu siku hiyo hakuwahi kumsubiri mtu. Ukimweka mkekani, ukigeuka yuko barabarani, ndipo mama yake akamwita Kiguu na Njia, na jina likamganda mpaka ukubwani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975, akatolewa nje mara nyingi, si kwa ujinga, ila kwa maswali, maana alikuwa akiuliza jambo, na akijibiwa anauliza tena, umejuaje. Mwaka 1983, akiwa sekondari, dada yake mkubwa alijifungua salama lakini damu ikakataa kukatika, akafariki, na nesi alipowaambia wafiwa kwamba ni kazi ya Mungu, mtoto huyu wa miaka kumi na tano akasema palepale, "Na wale wanaopona, ni kazi ya nani?" Mama yake akamfinya, akanyamaza, ila moyo haukunyamaza, na hapo ndipo udaktari wake ulipoanzia.

Alisomea udaktari kuanzia 1989 hadi 1994, akarudi chuoni kusomea magonjwa ya kina mama na uzazi, 1998 hadi 2002. Katikati ya pilikapilika hizo, tarehe 2 Desemba 2000, alifunga ndoa na fundi wa mafriji, mtu mpole, aliyekuwa akiwaambia mashemeji zake, "Jamani, nimeoa upepo, nashukuru tu jioni unarudi." Walijaliwa binti mwaka 2001 na mtoto wa kiume mwaka 2005.

Januari 2003 alipata nafasi ya mafunzo ya utafiti kwa madaktari wa kina mama, nayo ilikuwa moja tu, na wenye kuitaka wengi. Ni mafunzo yanayomfundisha daktari asiishie kutibu, bali aulize, apime, na athibitishe, siku tatu za wiki anakaa mezani na hesabu zake, siku mbili yuko wodini, na kwake yeye kukaa mezani kulikuwa kama kukalia siafu. Alitaka kujua kama kidonge kipya, mtu akipewa juu ya sindano ya kawaida, kinazuia damu isimwagike baada ya kuzaa. Makasha ya vidonge yalikuwa na namba tu, mengine yana dawa yenyewe, mengine yana vidonge vitupu visivyo na dawa, vyote vinafanana kama mapacha, na sharti lilikuwa daktari asijue anatoa kipi, wala mgonjwa asijue anameza kipi.

Agosti 2005 aliletwa mama mmoja aliyetokwa na damu nyingi katika kila uzazi wake wa nyuma, na kicheko chake kilikuwa kicheko kilekile cha marehemu dada. Mpendwa wetu aliingia chumba cha dawa, akafungua kasha, akakwangua kidonge kwa ukucha, akalamba, kikawa kitamutamu, akakirudisha, akafungua kasha jingine, akalamba, chungu kama shubiri, akasema moyoni hiki ndicho. Yule mama alijifungua vizuri, akamshukuru mpaka machozi, naye akarudia kwa wengine waliomtia huruma, akiwasimamia kwa karibu kuliko wenzao, ulimi wake ukawa ndio mganga mkuu.

Hesabu za awali zilipofunguliwa zikaonyesha kidonge ni kizuri ajabu, wenzake wakampigia makofi, lakini nyumbani hakulala wala hakula, anazunguka kutoka jikoni hadi mlangoni, mpaka mama yake mzazi akamwambia, "Mwanangu, mficha uchi hazai, kaseme." Machi 2006 akaenda kwa mwalimu wake, mzee waliyemwita Babu Miwani.

"Umelamba?"

"Nimelamba, mwalimu."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Basi hukufanya utafiti, mama, umefanya huruma, na umeegemea mizani kwa kiwiko." Kazi yote ya wodi ile ikatupwa, nafasi yake ikabaki inaning'inia, wakubwa wakajadili kumwondoa, lakini kwa sababu alijisema mwenyewe wakamrudisha aanze upya, safari hii vidonge vyote vikiwa vichungu. Akamaliza mwaka 2009, na majibu yakatoka kwamba kile kidonge hakiongezi chochote juu ya sindano ya kawaida. Alilia siku hiyo, akasema ulimi wake mmoja ulibakiza kidogo uwanyweshe wanawake wa watu dawa isiyo na kazi.

Kuanzia 2010 alifundisha madaktari vijana mafunzo hayohayo, akiwafundisha huku anazunguka meza, chai anakunywa amesimama, na siku ya kwanza kila mwaka aliwasimulia habari hii yote, kisha anawauliza, "Mimi nililamba, wewe utafanya nini?" Waliokuwa wanacheka waliacha kucheka.

Oktoba 2023 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani ya kongosho, na wakati huo wanafunzi wake walikuwa katikati ya utafiti mkubwa kuhusu damu hiyohiyo ya uzazi. Kitandani hakutulia, alitaka jibu kabla hajaondoka, na mwanafunzi wake mmoja, kwa kumhurumia, akamwinamia akasema, "Mama, yanaelekea pazuri." Akamkazia macho. "Mmeshafungua hesabu, mkajua nani alipewa kipi?" "Bado, mama." "Basi usinipoze, mwanangu, niache niende nikiwa sijui." Alifariki tarehe 9 Juni 2024 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, ameacha mume, watoto wawili na mama yake mzazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, majirani waliotupikia na kulala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake ambao jana walirudi wodini kuendelea na ule utafiti, maana ndivyo alivyotaka.

Mpendwa wetu, hesabu bado hazijafunguliwa, zikifunguliwa tutakuja hapahapa kukuambia zilivyo, hata kama si ulivyotamani. Pumzika kwa amani.