Mwezi wa Kwenda Delhi

Benchi letu liko Bailey Avenue, hapa Buffalo, mbele ya duka la magodoro lililofungwa kabla hata sijafika mji huu. Van ya kiwanda inatuchukua saa nane mchana, lakini saa saba tumeshakaa na mwenzetu Murhula ameshafungua chupa yake ya kahawa. Mimi ni Gaspari. Wananiita Pilipili kwa sababu nakasirika upesi, na siku ile, mwishoni mwa mwezi wa nne 2015, nilifika nimeshakasirika. Elisée, mwenzetu mwingine, alikuwa ametoa tena ile barua yake! Hospitali moja ya Delhi, kule India, ilikubali kumpasua mama yake, maana mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Mama atoke Bukavu, kule Kongo, Elisée atoke hapa, wakutane huko. Hawajaonana miaka tisa. Barua inasema familia ichague mwezi, ijibu. Ilifika mwezi wa kwanza. Sasa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inachanika kwenye mikunjo, na jibu hakuna.

— Bon, leo tumalize, akasema Elisée. Mwezi ya tano je?

Rurangwa akaruka kama aliyekalia msumari. Huyu tunamwita Metewo, kama Wafaransa waitavyo hali ya hewa: simu yake inaonyesha ile ya miji kumi na saba, na koti lake hulisahau nyumbani kila siku ya mvua.

— Ya tano? Unataka kuua maman? Kule ni digri makumi ine na tano! Lami inayeyuka. Kiatu inabakia kwa barabara, weye unaendelea na soksi.

— Basi ya sita.

— Ni ileile.

— Ya saba?

Hapo Murhula akaweka kikombe chini. Murhula tunamwita Daktari. Jumamosi na Jumapili anasukuma vitanda hospitalini.

— Ya saba mpaka ya tisa ni mvua. Mshono ya moyo haikauke kwa mvua, ni sawa nguo. Donc, utaanika maman wapi?

— Nani kakuambia moyo unaanikwa? nikauliza.

— Pilipili, miye niko hospitali kila wikendi.

— Unasukuma vitanda!

— Na juu ya kitanda kuko nani? Si bagonjwa?

Jamani! Nikanywa kahawa ili nisimtukane.

— Ya kumi, akasema Elisée. Ao ya kumi na moja.

— Hapo iko sikukuu yao, akasema Metewo. Banalipua fataki. Moyo yenye imetoka kushonwa inasikia bum! Inaruka, uzi inakatika. Na maman alishakimbia vita mara mbili. Atashuka kwa kitanda, atakimbia na sindano kwa mkono.

— Ya kumi na mbili?

— Ukungu, mpaka ya kwanza. Ndege haione pa kukanyaga. Inazunguka, inazunguka, inaenda kubashusha Uchina.

— Ya pili iko siku makumi mbili na munane tu, akasema Daktari. Banakuibia siku mbili za kulazwa.

— Na ya tatu, akasema Metewo, banarushiana rangi kwa barabara, sikukuu yao ingine. Maman wa kanisa, arudi Bukavu kijani?

Nikahesabu vidoleni. Miezi yote ilikuwa imekwisha, umebaki huohuo wa nne tuliomo, nao ulikuwa umebakiza siku tatu.

— Basi mtengenezeeni wa kumi na tatu! nikafoka. Tangu theluji mnaongea upuuzi uleule! Na wewe Elisée, mtu mzima, unawasikiliza hawa wa nini?

Elisée akasimama. Kahawa ikammwagikia suruali, wala hakutazama.

— Ni mama yangu, Pilipili! Nikikosea mwezi, akafia kule, ni nani ataambia dada yangu Laurentine? Ni weye? Sema! Ni weye?

— Usinipigie kelele!

— Nakupigia!

Daktari akatuingilia kati, naye anapiga kelele, eti tunamharibia kahawa. Ndipo tukamwona mwanamke aliyesimama kando na mfuko wa chakula. Hadassa, mgeni kutoka Columbus, siku yake ya kwanza kiwandani. Walimwambia angoje van hapo. Akatusalimu taratibu. Daktari, kwa aibu, akamkamulia chupa. Ikatoa nusu kikombe, na kahawa ikawa imekwisha.

— Samahani, ba papa, nimesikia. Miye nauliza tu. Maman mwenyewe anaweza kungojea mpaka mwezi gani?

Metewo akatazama simu yake, nadhani kwa mazoea. Daktari akatikisa chupa tupu.

— Kila Jumapili namupigia, akasema Elisée.

— Anasema nini?

— Anasema iko muzuri. Na miye namuambia niko muzuri. Tunaomba Mungu, tunakata simu.

Nani kati yetu hafanyi hivyo? Mwaka nilioteleza kwenye barafu nikavunjika mkono, nilimwambia mama yangu niko mzima, simu nimeishika kwa mkono wa kushoto.

Elisée akapiga palepale. Laurentine, dada yake, akapokea mara moja. Sote tulimsikia.

— Kaka, kumetokea nini? Leo haiko Jumapili!

— Laurentine, usinifiche. Maman iko namna gani?



— Tangu Pasaka hapandi ngazi. Tulishusha kitanda yake kwa salon, penye tunapokelea bageni. Analala akikaa, akilala chali pumzi inakosa. Alinikataza kukuambia.

Nyuma yake ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya kuvuta pumzi kila baada ya neno.

— Ni Elisée? Mwambie asijisumbue. Achague mwezi ya muzuri. Asiende wakati ya jua kali, kichwa itamuuma. Miye nitangojea.

Van ikapiga honi. Hakuna aliyeinuka. Elisée akaomba kalamu, Hadassa akampa, akaiweka barua juu ya goti lenye kahawa na kuandika: mwezi wa tano. Hasira yangu ilikuwa palepale, ila sikuwa na wa kumfokea. Barua ile tuliikalia wanne, miezi minne, na kahawa ya Daktari nimeinywa kama wao.

Metewo akafunika simu kwa kiganja.

— Digri makumi ine na tano, akasema polepole.

— Najua, akasema Elisée, akaandika tarehe.