Kompyuta ya Mzee Barua Chini ya Shuka

Asubuhi hiyo kijiweni kulikuwa na maiti. Si ya mtu, Mungu apishe mbali. Ilikuwa kompyuta ya Mzee Barua, kioo, kibodi na boksi lake, imefunikwa shuka jeupe na kulazwa mwisho wa benchi, inamsubiri mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Mzee Barua, ambaye huwachapia watu barua za kuomba kazi, za kuomba radhi na za kuomba mke katika chumba kilicho nyuma tu ya benchi, alikuwa amekaa pembeni yake ameshika tama kama mfiwa hasa. Bi Kahawa akazungusha birika, na kila aliyemiminiwa akamtupia jicho marehemu kwanza, ndipo akanywa.

Kijiwe hiki kina sheria, na aliyezitunga ni Bi Kahawa mwenyewe, maana birika ni lake. Mwenye kikombe ndiye mwenye ruhusa ya kusema na kuuliza. Asiye na kikombe hujibu akiulizwa, basi. Na ukishindwa hoja unakifudikiza kikombe chako juu ya benchi, mdomo unafungwa mpaka birika la pili. Hakuna rufaa. Kuna watu wamefudikiza vikombe hapo wakaenda nyumbani wakanuna mpaka wake zao wakaja kuuliza kulikoni.

— Pole, mzee wangu, alisema Kinyozi, ambaye saluni yake imepakana na chumba cha Mzee Barua. Imetufaa sana, na tangazo langu la bei ilichapa yenyewe.

— Tumeshapoa, akajibu Mzee Barua.

— Siku zake zilifika, akasema Waziri. Huyu walimwita Waziri kwa sababu ana maoni juu ya kila wizara na hajawahi kufanya kazi katika yoyote, wala nje ya hizo.

Bi Kahawa akaendelea kumimina. Yeye alijua yaliyo nyuma ya lile shuka. Tangu mwaka jana, kila asubuhi Mzee Barua akiiwasha kompyuta ilimwandikia jambo moja: mfumo wako umezeeka, nunua kompyuta mpya. Mwanzoni alikuwa akiifunga hiyo habari anaendelea na kazi. Lakini ukiambiwa umezeeka kila siku kabla hujakaa sawa kwenye kiti, mwisho unaamini. Na mpya hawezi kununua. Leo alfajiri, kabla wengine hawajafika, alimnong'oneza Bi Kahawa kwamba mkokoteni ukishaondoka atafunga chumba, aende kwa mwanawe akamlindie kuku.

— Kuku hawaandikiwi barua, alimwambia, akajaribu kucheka.

Wakiwa katika hali hiyo ya msiba akatokea mjukuu wa Bi Kahawa. Msichana mrefu, amesomea kompyuta, fulana yake ina picha ya pengwini, kwa hiyo kijiwe kikampa jina bila kumshirikisha. Shingoni amening'iniza flashi kwa uzi, kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo.

— Shikamooni.

— Marahaba, Pengwini, wakaitika.

Hakukaa. Vikombe vya kijiwe ni vya wenye benchi, na Bi Kahawa hawezi kuvunja sheria aliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya damu yake. Waziri angeisema mpaka mwaka mwingine. Msichana akasimama tu kwenye mlango wa saluni, macho kwenye shuka.

Bibi yake aliyaona yale macho, na roho ikamuuma. Jumamosi iliyopita mtoto huyu alibandika tangazo kwenye kila nguzo ya mtaa: leta kompyuta yako kuukuu, tuiwekee mfumo huria, bure, na utafundishwa kuutumia. Akaazima viti, akafagia uwanja. Akaja mtu mmoja, naye alileta pasi. Pasi ile aliitengeneza, kisha akavirudisha viti kwa wenyewe, havijakaliwa, na jioni hakugusa chakula.

Bi Kahawa akaliweka birika chini.

— Pengwini, nakuuliza mimi mwenye birika. Huo mfumo wako ni kitu gani hasa?

Msichana akavuta pumzi kama aliyefunguliwa mlango.

— Bibi, ndani ya kila kompyuta kuna programu kubwa inayozisimamia nyingine zote. Ndiyo inayowasha kioo, inayosikiliza vidole, inayojua faili limekaa wapi. Ya babu hapa ilitoka kwa kampuni, na kampuni imechoka kuihudumia, inataka anunue mpya. Huu wangu unaitwa Linux, na nembo yake ndiyo huyu pengwini wa kwenye fulana. Umetengenezwa na watu wengi, na wameruhusu yeyote autumie, aufungue aone ulivyo ndani, aubadilishe akitaka, ampe na mwenzake.

— Bure? akauliza Waziri.

— Bure, mjomba.

— Simama hapohapo!

Waziri akakiweka kikombe chini, jambo analofanya akitaka kuhutubia.

— Hao watu wengi wanakaa wapi?

— Dunia nzima.

— Mmesikia? Mtu anayekaa dunia nzima hana nyumba. Akikudhulumu utamgongea nani mlango?

— Na hao wa kampuni, Bi Kahawa akadakia, umewahi kuwagongea mlango wewe?

— Sijawahi. Lakini najua wanao.

Kinyozi akajikuna kidevu.

— Mimi kinachonitia shaka ni hilo la kufungua na kuona ndani. Kila mtu anaona?

— Kila mtu, mjomba.

— Hata mwizi?

— Hata mwizi. Ila anachokiona ni jinsi nyumba inavyojengwa, si vitu vyako. Na majirani wote wanaona vilevile. Mtu akiacha tundu ukutani, kuna macho mengi ya kuligundua.

— Majirani gani, hawa? Kinyozi akamnyooshea Waziri kidole. Huyu nikiingiliwa ndiye atakayemshikia mwizi taa.

— Kwa heshima zote, akasema Waziri, taa nitakuwa nimeazima kwako.

Benchi likacheka, hata Mzee Barua akatikisika kidogo. Bi Kahawa akamkumbuka mama mkwe wake, Mungu amrehemu. Simu ilipoingia nyumbani kwao, yule mama alikuwa hapokei mpaka ajifunike kichwa vizuri. «Siwajui wanaume waliokaa upande wa pili,» alikuwa akisema, «nisije nikaonekana.» Na walipomwambia haonekani, akasema: «Hivyo ndivyo wanavyokwambieni nyinyi.» Alikufa hajawahi kupokea simu kichwa wazi. Ingekuwa leo, angekaa hapo kati ya Waziri na Kinyozi, na kikombe angepewa.

Mzee Barua akainua uso.

— Lakini kwa nini wagawe? Mtu mwenye akili zake anajitesa na kazi nzito kama hiyo, halafu anasema chukueni?

— Babu, hivi Bibi amewafundisha watu wangapi...

— Ee! Waziri akaruka. Swali hilo! Huna kikombe!

Msichana akajishika mdomo, akalipanga upya.

— Samahani. Siulizi, najibu. Bibi hakumficha mtu kahawa yake. Aliyeomba alionyeshwa namna ya kukaanga na kutwanga. Mke wa seremala akaenda kuongeza tangawizi, akarudi kumwonjesha Bibi, na sasa Bibi naye anatia. Hiyo mnayokunywa imepita mikononi mwa wanawake chungu nzima, na hakuna hapa aliyewahi kudai anwani zao.

Wakavitazama vikombe vyao kwa mashaka.

— Msinisingizie wema, akasema Bi Kahawa. Nilichoka kuulizwaulizwa.

— Hata wao, Bibi, wapo waliochoka. Wengine wanalipwa na kazi zao, wengine wanapenda tu. Na hizo simu zenu, nyingi kati yake, kiini cha ndani ni hichohicho cha Linux.

Hapo ndipo alipoharibu. Wote wakatoa simu mifukoni. Kinyozi akaiweka yake kwenye benchi, akaisogeza kwa ncha ya kidole mpaka ikaegemea lile shuka.

— Ndiyo maana! Waziri akasimama. Ndiyo maana chaji haikai! Pengwini ni ndege wa wapi?

— Wa barafuni, akasema Kinyozi.

— Barafuni kuna nini?

— Baridi.

— Sasa unganisha mwenyewe. Mnyama wa baridi kaingia kwenye simu, anatafuta joto. Betri ina joto. Anakula.

— Na mashine yangu ya kunyolea! Kinyozi akapiga paja. Wiki hii inashikashika nywele. Ipo kwenye soketi moja na chaja ya simu!

— Umeona? Kaingia kwenye waya. Na huo ni mwanzo. Siku kila kompyuta na kila simu ikishakuwa na pengwini, watabonyeza kitufe kimoja, joto lote la dunia lihamie kwao. Wao wataota jua, sisi tutavaa makoti.

— Kina nani hao watakaobonyeza?

— Pengwini! Kwani nyinyi mlidhani ni watu?

Waziri alitaka kumalizia na methali, Bi Kahawa akampa jicho, akaimeza na kahawa. Kinyozi akaapa kwamba mnyama huyo hataugusa umeme wa saluni yake. Msichana aliangalia chini. Angekuwa na kikombe angesema lolote. Hana, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mzee Barua ndiye aliyevunja kelele, kwa sauti ya chini.

— Mimi siogopi baridi. Naogopa kuchekwa. Vidole vyangu vimeizoea ile njia. Nikihamishiwa nyumba ngeni nitaanza kupapasa mbele ya wateja, mtu kaja kuandikiwa barua ya posa mimi natafuta herufi.

— Mtoto huyo hapo, mzee. Si umuulize? akasema Bi Kahawa.

— Nikiuliza nitajibiwa, mama. Na nikijibiwa nitatamani.

Na mkokoteni ukasikika, magurudumu yakilia kwenye kona.

Mwenye mkokoteni alikuwa mgeni pale, jamaa mpana, kitambaa cha jasho begani. Akasalimia, akainua ncha ya shuka, akachungulia, akaifunika tena kwa adabu.

— Ina ubovu gani?

— Bwana, huna kikombe, Waziri akamwonya.

— Nina mkokoteni. Ina ubovu gani? Iliyoungua naipanga huku, iliyovunjika naipanga kule. Lazima nijue.

Waziri akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Bi Kahawa. Bi Kahawa akalitazama birika, maana yeye alikuwa na ruhusa ya kuuliza tangu alfajiri, na hilo halikumjia.

— Imezeeka, akasema Kinyozi.

— Hata mkokoteni huu umezeeka. Nauliza ubovu. Haiwaki?

— Inawaka, akasema Mzee Barua.

— Inagoma kuchapa?

— Jana nimechapa barua. Ndefu.

— Kioo?

— Kizima.

— Sasa mzee, kilichoharibika ni nini?

Mzee Barua akalitazama shuka. Akageuka kwa Waziri, na Waziri, mtu mwenye maoni hadi juu ya mvua ya kesho, akaanza kuhesabu mawingu.

— Mbona wote mmekauka? Nani kasema imekufa?

— Imesema yenyewe, Mzee Barua akajibu, na alipoyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwake akaona haya.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Akafudikiza kikombe chake, akaingia saluni, na mara waya mrefu wa umeme ukatokeza dirishani, ukaning'inia juu ya benchi. Kisha macho yote yakamgeukia Waziri. Akatafuta msaada upande huu, upande ule, hakuupata. Akafudikiza, polepole, kwa uchungu.

Bi Kahawa akakichukua kikombe cha Kinyozi, akakisuuza, akaliinamisha birika mpaka mwisho. Yalitoka mabaki, nusu kahawa nusu mashapo, akampa mjukuu wake.

— Kaa. Sasa uliza.

Msichana akakaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza. Hakumgeukia Waziri, hakusema kuhusu barafu wala joto.

— Babu, unaruhusu nikuonjeshe tu? Inawaka kutoka kwenye hii flashi, ndani sigusi kitu. Ukichukia naichomoa, yako inarudi kama ilivyokuwa.

Mzee Barua akalivuta shuka mwenyewe.

Kompyuta ikaunguruma kama ilivyozoea. Kioo kikawaka rangi nyingine, na mzee akajikunja mabega, anasubiri tusi lake la kila asubuhi. Akasubiri. Tusi halikuja. Msichana akamfungulia pa kuandikia, akasogea pembeni. Mzee Barua akanyoosha vidole viwili, akaibonyeza herufi ya kwanza palepale alipoizoea, ikatokea. Akaibonyeza ya pili. Kisha akachapa mfululizo, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na Bi Kahawa, ambaye hajui kusoma, akamwambia mjukuu wake amsomee.

— Ameandika: «Mwanangu, hao kuku watafutie mlinzi mwingine.»

Bi Kahawa akajifuta macho kwa ncha ya nguo, akasema ni moshi wa jiko. Jiko lilikuwa limeshazimika.

— Haya, nimewafurahia, akasema mwenye mkokoteni. Lakini mimi nimeitwa, na mtupu siondoki. Kitu kisichofanya kazi hapa ni kipi?

Benchi zima likageuka kumtazama Waziri. Waziri akasimama, kifua mbele, hotuba imemjaa mdomoni. Kinyozi, kichwa dirishani, akamwonyesha kikombe kilichofudikizwa.