Nusu Lita na Safari ya Tano: Maisha ya Baba Yetu

Ndugu, majirani na wote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza marehemu, mimi ni mtoto wake wa mwisho. Sikusoma sana. Haya nimeyaandika kama nilivyomsikia na nilivyomwona, na palipo na kosa ni langu, si lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, nyumba ya pili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa fundi cherehani na muuza mkaa. Walizaliwa watatu. Wa kwanza ni shangazi, ambaye tuko naye hapa. Kitinda mimba, aliyepishana na marehemu miaka tisa, ni baba mdogo. Mama yao alipofariki, baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na marehemu ndiye aliyembeba mgongoni, dukani, bombani, hata uwanja wa mpira. Wenzake walimwita yaya. Shangazi anasema hakuwahi kukasirika, alimkaza tu mtoto kwa kanga akaendelea kucheza beki.

Aliingia shule Januari 1969 akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu alizipenda. Insha hakuzipenda, alidai ukimaliza insha hujui kama umemaliza. Macho ya baba yao yalipoanza kufifia, cherehani ikasimama, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1978 alianza kazi ya utingo kwenye lori la kiwanda cha mbao. Alipata leseni mwaka 1984, akapewa pikapu ya kiwanda, na mwaka 2001 akanunua yake, ya dizeli, rangi ya maziwa, iliyokwishapita mikono miwili. Alibeba mbao kutoka kiwandani hadi kwa maseremala wa mjini, kilomita arobaini na tano kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Jina la Nusu Lita alipewa na wapakiaji wa kiwandani, kwa sababu kila walichotaka kufanya aliwaambia kinakula nusu lita. Injini kuachwa ikinguruma watu wakinywa chai, nusu lita. Tairi lililopungua upepo, nusu lita. Nyundo, minyororo na betri mbovu vilivyokuwa nyuma ya kiti alivishusha vyote, akasema hawezi kuvipa lifti vitu visivyo na safari. Alizoea kusema upepo ni mzigo usioonekana, kwa hiyo mbao alizipanga zisipite usawa wa paa, na turubai akalikaza kama ngozi ya ngoma. Chujio la hewa alilikung'uta kila Jumamosi. Mteremko aliushuka ndani ya gia, mguu ameuinua kwenye mafuta, na mwendo wake ulikuwa uleule wa sitini, apigiwe honi asipigiwe. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa tangu siku aliyolinunua gari, wala hakuitengeneza. Kipimo chake kilikuwa safari: tangi likijaa hadi shingoni, gari liende kiwandani na kurudi mara tano. Likifikisha ya tano, dereva ni dereva.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 12 Desemba 1992. Bibi harusi alipelekwa kwa pikapu ya kiwanda, bwana harusi mwenyewe akiwa kwenye usukani kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na kile kilima. Walikwenda sitini. Magari ya wageni yaliwapita yote, na walipofika mfungishaji ndoa alikuwa anakunja karatasi zake. Mama alimwambia, "Mwenzangu, hata leo?" Akajibu, "Leo ndiyo zaidi, tuna safari ndefu." Walijaliwa watoto watatu.

Baba mdogo alijiunga naye kazini mwaka 2009. Waliendesha kwa kupokezana, wiki huyu, wiki yule. Kwa miaka saba hatukusikia neno baya kati yao, isipokuwa la mpira.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya wazee walinishauri niparuke. Marehemu hakutaka niparuke, na kabla sijamaliza mtaelewa kwa nini.

Uwanja wetu una mteremko. Februari 2016 pikapu iliteleza yenyewe mchana, ikagonga ukuta wa jiko. Hakuumia mtu. Marehemu alilala chini ya gari, akakaza waya wa breki ya mkono, na kila ilipolegea akaikaza tena. Kufika Aprili, tangi lilikuwa linatoa safari nne. Alikagua tairi, chujio, mabomba ya dizeli na uzito wa mbao. Akapunguza hata mwendo. Zikabaki nne. Alikagua kila kitu isipokuwa kile alichokifanya kwa mikono yake. Alipokosa kasoro kwenye gari, akaitafuta kwa mtu.

Tarehe 14 Mei 2016, kwenye geti la kiwanda, wapakiaji wakiwa wamejaa, alimwambia mdogo wake kwamba dizeli haina miguu, na mwenye mrija wa kuinyonya ni yeye. Waliokuwepo wanasema baba mdogo hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka, umepima kila kitu kwenye hili gari. Mimi hukunipima." Akaweka ufunguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu. Mwezi huohuo alihamia mji mwingine.

Baada ya hapo marehemu aliendesha peke yake, na tangi likaendelea kutoa safari nne. Nyumbani tuliona. Hakuna aliyethubutu kuuliza, wala yeye hakusema. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alasiri gari likirudi, nilikuwa naanika soksi zangu za shule kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu lilikuwa la moto kama pasi na soksi zilikauka upesi. Sikujua kwamba gurudumu halipaswi kuwa vile. Laiti ningesema, hata kwa kujisifu tu.

Agosti 2018 breki za nyuma zilikwisha kabisa, akalipeleka gari kwa fundi. Fundi alifungua ngoma ya breki, akaikuta imeungua hadi rangi ya samawati. Akamwambia, "Mzee, miaka miwili hii umekuwa unakanyaga mafuta huku umejishika shati mwenyewe." Waya wa breki ya mkono ukalegezwa. Wiki iliyofuata tangi lilitoa safari tano. Siku ile ya safari ya tano marehemu alizima injini uwanjani, hakushuka. Mama alimpelekea chakula mlemle ndani, kikarudi kama kilivyokwenda.

Julai 2019 alikwenda hadi mji anakoishi baba mdogo. Nilikuwa kiti cha pembeni. Tulifika getini kwake, tukasikia watoto ndani wakicheka. Alikaa, injini imezimwa, kisha akawasha na kugeuza. Alimwambia mama kwamba barabara ilikuwa na matope. Ilikuwa kiangazi. Mama hakumsuta.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022. Mwaka uliofuata aliacha usukani, na tangu Januari 2024 alikuwa akisafishwa damu hospitali mara mbili kwa wiki. Mama alitaka kumpigia baba mdogo simu. Marehemu alikataa, akasema akipona atakwenda mwenyewe. Kila wiki alikuwa anakwenda wiki ijayo.

Mwanzoni mwa Agosti aliniita nije na kalamu. Nikamwambia tupige simu sasa hivi, sauti yake bado ipo. Akasema, "Nilimtukana mbele za watu. Nikimwomba radhi kwenye simu, nitakuwa nimemwomba uchochoroni. Andika, uje kusoma watu wakiwa wengi." Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Kwenye kikao cha mazishi ilisemwa kwamba aibu ya marehemu hufukiwa naye. Shangazi alijibu kwamba aibu hii miaka minane imebebwa na asiyehusika, na mwenyewe ameomba arudishiwe. Ndiye aliyempigia baba mdogo simu. Baba mdogo alisema atakuja.

Baba mdogo, popote uliposimama, maneno yake ni haya: "Mdogo wangu, hukuiba. Breki niliikaza mimi. Nilijua tangu ile safari ya tano, nikaona haya kuliko nilivyokupenda. Wapakiaji mliosikia yale, sikieni na haya."

Alikohoa, akaniuliza kama nimeandika yote. Nikasema ndiyo. Akasema basi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na mdogo wake mmoja, dereva mwaminifu.

Mungu ampokee, na amani aliyoshindwa kuiomba pale getini kwa mdogo wake aikute huko alikokwenda.