Ngoma Kwenye Magoti ya Shemasi

Mardi tarehe 9 mwezi wa ine, wakubwa wa kanisa letu pale Baraka walikataza ngoma kwenye maziko. Kesho yake muke wangu Léoncie akafa, tukamuzika kimya kama mutu asiye na kwao. Wake za wale wakubwa wangali wazima.

Ndiyo maana jana, ndani ya gari ya kupanda Fizi, nilitega masikio. Mama mumoja muzee wa Ubwari alipakata ngoma. Shemasi mumoja aliyekaa pembeni yake akamuuliza, "Mama, hiyo inaenda wapi?"

"Inaenda kuzika dada yangu Godelieve. Aliimbisha kwaya miaka makumi ine. Hawezi kufika kwa Yesu bila ngoma ya Babembe."

"Ngoma ni ya mizimu, mama. Sisi tuko na clavier, kinanda cha umeme."

"Clavier yenu ilitoka mbinguni, ao soko ya Uvira?"

Gari yote ikacheka. Hata mimi, mara ya kwanza tangu matanga.

"Lakini tuliiombea," shemasi akasema.

"Eh! Basi ombea na hii, papa." Akamuwekea ngoma kwenye magoti. "Mungu aliumba mbuzi mwenye hii ngozi, akaumba na Mubembe wa kuipiga. Mi sioni haya kumuonyesha kazi yake."

Wakubwa wetu wangeitupa inje. Huyu shemasi hakuirudisha. Nikaona kidole chake kinagusa ngozi polepole, kama mutu anayekumbuka.

Gari ikasimama Fizi. Mama akanyoosha mikono.

"Watu wa matanga wananingojea, shemasi. Unaiombea, ao unaogopa Mungu ataitikia?"