Maandishi Yamekimbilia Wapi?

Nje ya duka la fotokopi kuna benchi lililowekewa tofali badala ya mguu mmoja, na anayekaa upande huo lazima ashike birika la kahawa, la sivyo tunakunywa vumbi. Leo kashika Breki, dereva ambaye gari lake liko gereji tangu mwezi uliopita. Upande wa pili yupo Kamusi, mwalimu mstaafu anayejibu hata asichoulizwa. Katikati kajibana Injinia, jina alilojipa mwenyewe, na mapajani ana kompyuta ya duka la dawa la dada yake. Miaka kumi na minne iliyopita alimwandikia dada programu ya kutunza dawa, na ndiyo kazi pekee aliyowahi kuianza akaimaliza. Vitufe vyake ni picha tupu. Ukiweka kishale juu ya picha, kisanduku cha njano kinachomoza na kukueleza kitufe ni cha nini. Sasa kisanduku kinachomoza kitupu. Kesho dada anakabidhi duka kwa mfamasia mpya, na kasema bila kupepesa macho: maelezo yasiposomeka, programu inafutwa na nyingine inanunuliwa.

BREKI: Hebu tuone tena.

Injinia akaweka kishale juu ya picha ya ndoo. Kisanduku kikatokea, kikakaa sekunde tano, kikapotea.

BREKI: Umeona? Kimekuja, kimetuangalia, kimeondoka. Hiyo plagi haichomi.

INJINIA: Kompyuta si gari, haina plagi, kaka.

BREKI: Basi tatizo ndilo hilo.

KAMUSI: Acheni ushamba. Maandishi yamepata kiwewe.

INJINIA: Mwalimu, maandishi hayapati kiwewe.

KAMUSI: Nimefundisha miaka thelathini na moja. Nimeona insha nzima ikitoweka kichwani mwa mtoto kwa sababu tu mkaguzi kakohoa mlangoni.

Injinia alitaka kucheka, ila hakuwa na haki hiyo. Tangu asubuhi alikuwa ameifuta programu na kuirudisha mara mbili, na alipokosa la kufanya aliinama akaipuliza kibodi kwa mdomo. Mtu mzima, tena anaitwa Injinia! Aliomba moyoni asiwepo jirani aliyemwona.

BREKI: Mimi naona yamegoma. Miaka kumi na minne bila likizo, nani angevumilia?

KAMUSI: Na yamesikia mwenye duka anaondoka.

BREKI: Ehee! Yametangulia kufunga virago.

INJINIA: Jamani, nikishindwa hapa, dada ataifuta kweli. Mnamjua.

BREKI: Tunamjua. Mara ya mwisho ulikiona kisanduku kina maandishi lini?

INJINIA: Jumamosi asubuhi.

BREKI: Na Jumamosi mchana ulifanya nini?

Injinia akapeleka kikombe mdomoni, kumbe hakina kitu. Jumamosi mchana aliibadilisha kompyuta nzima ikawa na mwonekano mweusi, maandishi yake meupe, eti ya kisasa. Na zamani zile alipoandika programu, kisanduku alikipaka njano mpauko kwa mkono wake, lakini rangi ya maandishi aliiachia kompyuta iamue. Kompyuta ikaamua.

INJINIA: Yapo! Maandishi yapo. Yamekuwa meupe.

KAMUSI: Si nilisema kiwewe? Mtu akishtuka anapauka.

Injinia hakubishana. Alifungua programu yake, akaongeza mstari mmoja: maandishi ya kisanduku yawe meusi siku zote, kompyuta ivae rangi itakayo. Alikuwa anasubiri programu iwake upya alipofika mwanamke mmoja kijana na bahasha ya vyeti vya kutoa kopi.

MFAMASIA: Samahanini, kaka zangu. Shikamoo, mzee. Nimeambiwa hapa nitampata Injinia. Mimi ndiye ninayeanza kesho kule duka la dawa.

BREKI: Umempata, tena saa ya ushindi.

INJINIA: Karibu, dada. Kila kitufe kinajieleza chenyewe. Hutahitaji kumuuliza mtu.

Akaweka kishale juu ya ndoo. Kisanduku kikachomoza, maandishi meusi ti. Breki alipiga makofi kabla hajasoma. Mfamasia yeye alisoma.

MFAMASIA: "Maelezo yatakuja."

Injinia akahamia picha ya chupa. Maelezo yatakuja. Picha ya mkasi. Maelezo yatakuja. Alipitia vitufe vyote ishirini na sita, na kila kisanduku kiliahidi vilevile. Akakumbuka: miaka kumi na minne iliyopita alipanga kuyaandika wikiendi iliyofuata. Dada alionyeshwa vitufe kwa kidole, akavishika kichwani, hakuwahi kusoma hata kisanduku kimoja. Naye Injinia miaka yote aliona weusi wa herufi akaridhika.

Mfamasia alisogeza bahasha kwapani, akamtazama kwa upole kabisa.

MFAMASIA: Yatakuja lini?

Breki akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Kamusi. Kamusi akageukia barabarani, kana kwamba kuna mtu kamwita.